Jezi ya Kaka Samson na Neno Nililosaini

Irving, Texas
16 Machi 2025

Mpendwa Dada Theodora,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba miguu ya Mama mkubwa imepungua kuvimba tangu tulipoongea. Mpe shikamoo yangu kabla hujasoma zaidi, kisha rudi ukae peke yako. Mvua zimeanza huko? Na ule mnyauko wa migomba umefika upande wetu wa chini, au bado uko kwa majirani? Usinifiche kama ulivyonificha mwaka juzi, nikaja kusikia kwa watu.

Mimi ni mzima, kwa kiasi cha mtu wa miaka hamsini na saba anayebeba mizigo. Bado niko uwanja wa ndege, upande wa shehena. Mgongo unaniuma asubuhi, ukipata moto unanyamaza, jioni unaanza tena. Binti yangu Precious hajambo, yuko mwaka wa pili chuoni Richardson. Nikimsalimu kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, na mimi nimechoka kumrekebisha.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya kwenu husikilizwa na sebule nzima. Anayekuletea barua hii ni Queen, yule muuguzi wa Kamachumu anayekaa Lewisville, anakuja likizo ya Pasaka. Pamoja na barua atakupa mfuko wa kitambaa. Ndani yake mna jezi ya Kaka Samson. Usiupeleke kwa Mama mkubwa kabla hujamaliza kusoma jinsi nilivyoipata.

Unakumbuka mwaka jana mwezi wa kumi, kile chuo cha Houston alichochezea kaka kilipotangaza kwamba kitawakumbuka wachezaji wake wakubwa wa zamani wa mpira wa kikapu. Walichagua watano tu, wa miaka ya sitini mpaka ya themanini. Jezi ya kila mmoja ingetolewa kabatini, iwekwe kwenye fremu ya kioo, apewe mwenyewe au familia yake, na jina lake litundikwe juu uwanjani. Wewe ulimwambia Mama mkubwa, naye akasema lile neno lake. Kwamba kama mifupa ya mwanawe imebaki Houston, basi apewe hilo vazi alilolitolea jasho, alizike kibanjani, kwenye migomba yetu, kando ya Baba mkubwa kabla yeye mwenyewe hajafuata. Tangu siku ile kazi hiyo ilikuwa yangu. Hapa Marekani hakuna mwingine.

Nikueleze ukweli, nilipoona jina lake kwenye orodha nilikasirika kabla sijafurahi. Miaka arobaini na zaidi walikuwa wapi?

Ninyi nyumbani mlipata vipande vya magazeti alivyokuwa anakata na kutuma. Mimi nilimpata mwenyewe. Nilipofika Houston mwaka 2006 kwa ile bahati nasibu ya viza, nilitegemea kukuta mtu mkubwa. Nikakuta mtu mrefu. Alikuwa anainama kuingia bafuni, anapanga maboksi ya nyama kwenye ghala la baridi, anachechemea mguu wa kushoto. Miaka mitatu nilikaa naye chumba kimoja na sikuwahi kuona picha yake hata moja ukutani.

Wazee wa rika lake walikuwa bado wanamtambua. Siku moja tuko dukani, mzee mmoja akaacha kitoroli chake katikati ya njia, akamjia. Akamwambia, "Wewe ndiye yule Mwafrika. Siyo yule Mnigeria wa chuo kikubwa, wewe ni yule mwingine." Kaka akasema hapana, umenifananisha. Mzee akasisitiza, akataja mpaka namba ya jezi na mechi fulani ambayo kaka alizuia mipira tisa. Kaka akatikisa kichwa tu. Tulipotoka nje nikamuuliza kwa nini amekataa. Akaniambia, "Nikikubali, swali la pili ni siku hizi niko wapi."

Mimi mwenyewe nilimwona na mpira mara moja tu. Ilikuwa alasiri, kwenye uwanja wa jirani, vijana wanacheza, naye ana miaka arobaini na minane. Mpira ukapaa. Hakuruka, aliinua mkono tu, akauchukua hewani kama mtu anayechuma parachichi. Vijana wakaacha kukimbia. Akawarudishia, tukaenda zetu kununua maziwa.

Goti lilikatika msimu wake wa mwisho. Chuo kilimpa magongo na barua ya kumtakia heri. Masomo alikuwa hajamaliza, maana walimpangia masomo ya kumwezesha kucheza, siyo ya kumwezesha kuishi. Siku hizi wachezaji wa vyuo wanalipwa mpaka kwa kutangaza biskuti. Kina kaka walipewa kitanda, chakula na makofi. Alipofariki mwaka 2012 nilikipigia chuo kuwaarifu. Mtu aliyepokea aliniuliza jina linaandikwaje, kisha akasema atapeleka ujumbe. Kwenye maziko tulikuwa watu tisa, na kati ya hao wawili walikuwa wachimbaji.

Basi tuje kwenye fomu. Precious alinijazia kwenye kompyuta. Walipouliza uhusiano wangu na marehemu nikamwambia weka "brother". Akanitazama akasema, "Dad, like, real brother?" Nikamjibu, nani amekuambia kuna wa uongo? Akaandika. Walipouliza jina la mama nikamtaja Mama mkubwa, kwa sababu ndiye mama ninayemjua. Walipouliza la baba nikamtaja Baba mkubwa. Chini nikasaini.

Mwezi wa kumi na mbili akanipigia mama mmoja wa ofisi ya chuo, anaitwa Bi Darlene. Alikuwa na adabu sana, na adabu hiyo ndiyo iliyonimaliza. Akasema wamelinganisha fomu na cheti changu cha kuzaliwa, haviendani. Mama mwingine, baba mwingine, hata jina la mwisho: Samson ni Rwegoshora, mimi ni Kaijage. Utamwelezaje Mmarekani kwamba kwetu kila mtoto hupewa jina lake hata wakiwa wa tumbo moja? Nilijaribu. Nikamweleza kwamba baba yake na baba yangu walizaliwa na mama mmoja, kwamba mama yangu alipofariki nina mwaka mmoja na nusu nilihamia kwenu, kwamba kila likizo aliporudi kutoka seminari nililala na Samson kitanda kimoja. Akasikiliza yote. Halafu akasema, kama mtu aliyepata jibu la hesabu, "Kumbe wewe ni cousin wake."

Dada, lile neno lilinichoma. Hapa cousin ni yeyote: mtoto wa shangazi, wa mjomba, mjukuu wa sijui nani, mtu mnayeonana harusini mkapiga picha. Kwetu binamu ni mtoto wa shangazi au wa mjomba, unamtania, anakuchekea, kila mmoja anarudi kwao. Mtoto wa baba mkubwa ni kaka. Sijawahi kuwa na neno lingine wala sikuwahi kulihitaji. Nikamwambia, hapana mama, acha hivyo hivyo, brother. Akasema fomu ina sehemu ya cousin, anaweza kuibadilisha yeye mwenyewe palepale. Nikamwambia sihitaji sehemu hiyo. Nilidhani ni ya watu wa kupewa tiketi za kukaa nyuma. Akaniuliza mara tatu, nikamjibu mara tatu. Nilipokata simu nilijiona mwanaume.

Januari ikaja barua. Ombi limekataliwa kwa sababu maelezo kwenye fomu iliyosainiwa si ya kweli. Kwa lugha yao nimedanganya ili nipate kitu cha marehemu.

Sikukuambia. Kila uliponiuliza nilisema bado wanashughulikia. Nisamehe kwa hilo, na haya mengine nitakuomba msamaha huko mbele.

Sherehe yenyewe ilikuwa Jumamosi ya tarehe kumi na tano Februari. Nilikwenda Houston kwa basi, nikanunua tiketi kama mtazamaji, nikakaa safu za juu kabisa. Katikati ya mechi wakazima taa, wakawaita wakubwa wa zamani mmoja mmoja. Walikuwa wanne walio hai. Dada, ungewaona. Watu waliokuwa wanaruka hata wakashika chuma cha goli, sasa mmoja anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu na wajukuu, mwingine ana fimbo mbili. Kila mmoja alisimama na familia yake, fremu ikafunuliwa, watu wakapiga makofi. Vijana waliokaa mbele yangu walikuwa wanatazama simu zao.

Wa tano alikuwa kaka. Mtangazaji akalikata jina lake katikati, akaishia kwenye Rwego, halafu akasema kwamba kwa bahati mbaya familia yake haikupatikana. Mimi nimekaa pale. Mikono nimeibana katikati ya magoti. Nilitaka kusimama, Mungu ananiona, lakini nikajiuliza nitasema nini, na kwa Kiingereza gani, mbele ya watu wote wale, wakati ofisi yao imeshaniandika mwongo. Makofi yake yalikuwa mafupi kuliko ya wengine. Sikusimama. Hilo nalo naomba unisamehe.

Wakati wa kutoka, yule mzee wa fimbo mbili alinikuta kwenye ukumbi wa chini. Akasimama akanitazama paji la uso. Akaniuliza, "Sammy alikuwa nani wako?" Macho yakanijaa. Akanishika bega akasema, "Pole, brother. Huyo ndiye aliyenifundisha kutoa pasi bila kutazama." Hapa kila mwanaume mweusi anakuita brother, dukani, kituoni, kwenye lifti. Ni kwenye karatasi tu ndipo neno hilo linakuwa gumu.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwa Bi Darlene akaanza kufoka kwa niaba yangu. Yule mama hakukasirika. Akaniambia polepole, kama unavyomwambia mgonjwa, kwamba kanuni zao zinakubali ndugu yeyote wa damu. Ningechagua cousin Desemba ile ile, fremu ingekuwa mkononi mwangu na ningesimama pale uwanjani. Hata kwake ilikuwa huzuni, alisema. Shida ilikuwa kwamba nimesaini jambo lisilo kweli, na nikalirudia mara tatu alipoliuliza.

Akanipa karatasi mpya. Inasema hivi, nimeisoma mpaka naijua kwa moyo: kwamba mimi Wilbroad Kaijage ninaapa kuwa sikuwa kaka wa marehemu Samson Rwegoshora, kwamba niliyoandika mwanzo hayakuwa kweli, na kwamba mimi ni cousin wake. Isainiwe mbele ya mtu mwenye muhuri kabla ya mwisho wa Machi. Ikipita hapo, jezi inabaki kabatini kwao moja kwa moja.

Nikarudi nayo Irving, nikaiweka chini ya godoro. Nilisema sitaisaini.

Kazini kuna Mkenya mmoja, Patroba, tunasukuma mizigo pamoja. Nikamwonyesha, nikamweleza na vazi linalosubiriwa kuzikwa. Akacheka mpaka akakaa. "Mzee, andika cousin uende zako. Kwani Samson atafufuka akukatae?"

Nikamwambia yeye haelewi.

"Naelewa sana. Kwenye makaratasi yangu ya hapa nimezaliwa tarehe moja Januari, na mama yangu hajui siku hiyo ni ya nini. Karatasi ni ya wazungu, babu. Wewe unaipa heshima ya nini?"

"Ni kiapo, Patroba."

"Haya, basi kaa na kiapo chako. Mama yako naye akae na shimo."

Nilimnunia siku mbili nzima. Lakini alikuwa amesema neno la kweli bila kujua ukubwa wake, kwa sababu Jumapili ya kwanza ya mwezi huu Mama mkubwa akanipigia mwenyewe. Wewe ulikuwa kanisani, Adelina anayemsaidia hapo nyumbani ndiye aliyemshikia simu. Hakunisalimu hata. Akaniuliza, "Wilbroad, hiyo nguo ya mwenzako iko wapi? Shimo nimeshachimbisha. Kuku wanaingia." Akaniambia kwamba kila asubuhi anatuma mtu akawafukuze, na kwamba majirani wanamuuliza anamchimbia nani. Nikasema inakuja, mama. Akasema, "Nawe ukichelewa mtaniweka mimi humo."

Jumanne, siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu, Patroba alinipeleka Lewisville kwa gari lake. Kuna mama wa Kikenya huko anaitwa Fiona, ana ofisi ndogo ya kujaza makaratasi ya watu, naye ana muhuri. Alisoma ile karatasi mara mbili. Akavua miwani.

"Huyu ni mtoto wa nani kwako, mzee?"

"Wa baba mkubwa. Mama yake ndiye aliyenilea."

"Aki, si huyo ni kaka yako."

"Ndiyo."

Akausogeza muhuri wake mezani. "Mimi ninajua. Muhuri wangu ndio haujui." Akaniambia ninyanyue mkono wa kulia, kwa sababu ni kiapo. Nikaunyanyua. Akanisomea, nikasema ndiyo. Patroba siku hiyo hakutania, alitoka nje akasimama kwenye gari. Nikasaini. Fiona akapiga muhuri taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Kesho yake nilipakwa majivu. Padri akasema maneno yake, nami nikawaza kwamba nimesema kwa mdomo wangu, mkono juu, mbele ya shahidi, kwamba Samson hakuwa kaka yangu. Kama mtu angenilazimisha kwa panga ningeelewa. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye kiti kizuri, na kando yangu kuna glasi ya maji.

Fremu ilifika Alhamisi iliyopita kwa posta. Haikuwa na barua ndani, ila kipande cha karatasi cha kunipongeza. Niliivunja kwa mikono, maana jezi haiwezi kuzikwa na kioo wala haiwezi kuingia kwenye sanduku la Queen. Kwa ndani nikaona pindo la chini limeongezwa kitambaa cha rangi tofauti kidogo, kimeshonwa kwa mkono. Hawakuwa na jezi ya urefu wake, na hawakujisumbua kutafuta. Ile ni sindano yake mwenyewe, ule mshono wa kurudi nyuma ambao Mama mkubwa alitufundisha sote, wavulana kwa wasichana. Umpeleke mkono pale, maana macho yake hayataona. Atajua.

Sasa ninakuomba jambo moja, na hili ndilo lililonifanya niandike. Siku mtakapoizika, katekista atataka majina ya ndugu wa marehemu ayasome. Najua utataka kunitaja mara tu baada yako, kama ilivyokuwa siku zote. Usinitaje bado. Kwanza mwambie Mama mkubwa kila kitu: fomu, sherehe niliyokaa kimya, kiapo cha Lewisville. Usipunguze. Msomee barua hii yote kama ana nguvu. Akisema nisomwe kati ya watoto wake, nisomwe. Akinyamaza, msimsukume, mimi niachwe. Yeye ndiye aliyenifanya kaka wa Samson, na ni yeye peke yake anayeweza kusema kama karatasi ya Houston imeweza kuniondoa. Sitapiga simu kuuliza. Nitasubiri uniandikie.

Nisalimie shemeji Deogratias, mwambie dawa za kahawa nimemtumia kwa Queen, chupa mbili, asizichanganye. Msalimie mjomba Projest na Adelina, na watoto wote kwa majina yao. Fukuzeni kuku mpaka siku ya maziko. Mungu aliyemwona kaka akichechemea hapa bila mtu wa kumwita jina lake lote ampokee huko kwenye migomba yenu, na akupe wewe miaka mingi ya kumtunza Mama mkubwa kuliko nilivyoweza kumtunza mwanawe.

Barua zangu zote nimezimalizia kwa kuandika "mdogo wako". Leo nimeshika kalamu muda mrefu, na nafasi hiyo naiacha wazi mpaka mama aseme.

Wako akupendaye,

Wilbroad